Namba 1 na Namba 2

Programu yoyote inayozaliwa ndani ya mfumo wa jamii ya Unix kwa kawaida huamka ikiwa imekwisha kushika faili tatu zilizo wazi. Haikuziomba wala haikuzifungua; imezirithi kwa mchakato ulioizaa. Namba 0 ni ya kusomea, namba 1 ni ya kuandikia matokeo, na namba 2 ni ya kuandikia makosa. Waandishi wa programu wanaziita stdin, stdout na stderr. Nataka kuzungumzia hizo mbili za mwisho, hasa zinapofanya kazi ndani ya seva ya wavuti, kwa sababu sijaona sehemu nyingine ya kazi hii inayomtambulisha upesi kiasi hicho fundi aliyekomaa. Kurasa nzuri wanazitengeneza wengi. Wanaojua makosa yao yanakwenda wapi, na yanafika katika hali gani, ni wachache, na kazi yao haionekani.

Kwenye kompyuta ya mezani tofauti yenyewe haionekani. Ukiendesha programu katika terminali, namba 1 na namba 2 zote zinatokea kwenye skrini ileile, mistari ikifuatana kana kwamba imetoka mahali pamoja. Mtu anaweza kuandika programu kwa muda mrefu bila kuhisi kwamba ziko mbili. Seva ndiyo inayozitenganisha kweli. Mwaka 1993, Rob McCool wa NCSA, kituo cha kompyuta kubwa cha Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na waandishi wengine wa seva za wakati huo, walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya seva iendeshe programu badala ya kugawa tu faili zilizokwisha andikwa. Walichokubaliana kikaitwa CGI, na kinaelezeka kwa pumzi moja: maelezo ya ombi yanawekwa katika vigezo vya mazingira kama REQUEST_METHOD na QUERY_STRING, data za fomu iliyotumwa kwa POST zinapitia namba 0, na chochote programu inachoandika kwenye namba 1 kinakwenda kwa kivinjari cha msomaji. Maelezo rasmi, RFC 3875, yalichapishwa Oktoba 2004, wakati dunia nzima ilikuwa imekwisha kuitumia kwa miaka kumi na zaidi.

Uamuzi ule naustahi sana. Hawakubuni maktaba mpya wala lugha mpya. Walichukua kitu ambacho kila programu ilikuwa nacho tangu kuzaliwa, wakakigeuza kuwa njia ya kumfikia msomaji aliye upande wa pili wa dunia. Aliyejua kuandika neno kwenye skrini, kwa C, kwa Perl au kwa sheli, alikuwa amekwisha jua kutengeneza ukurasa wa wavuti. Na namba 2 ikabaki huru. Seva kama Apache huielekeza kwenye daftari lake la makosa, faili ambayo mgeni haioni kamwe.

Lakini namba 2 yenyewe haikuwapo tangu mwanzo, na namna ilivyopatikana inafaa kusimuliwa. Katika maabara za Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Unix ya kwanza ilikuwa na njia ya kuingilia na njia ya kutokea tu. Mwaka 1973 Ken Thompson aliongeza bomba, jambo ambalo Doug McIlroy alikuwa akilitamani tangu 1964: matokeo ya programu moja yanamiminwa moja kwa moja katika programu nyingine. Hapo shida ikaanza, maana malalamiko ya programu ya kwanza yalipita bombani pamoja na data, na programu ya pili ikayapokea kama data. Kwa kipindi fulani watu walivumilia, kwa sababu hawakutaka kuharibu wepesi wa mfumo wa njia mbili. Kilichowashinda ni karatasi. Maabara ilikuwa na mashine ya kupanga herufi kwa mwanga. Ukishapanga maandishi ulitakiwa kuchukua utepe mrefu wa karatasi, kuupitisha kwa uangalifu katika mashine ya kusafishia yenye dawa za kunuka, na kungoja dakika kadhaa maandishi yajitokeze. Steve Johnson, aliyeandika programu ya yacc, alisimulia baadaye kwamba siku moja watu kadhaa walipata matokeo yaleyale: karatasi tupu yenye mstari mmoja uliopangwa kwa herufi nzuri sana, ukisema faili haikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yakafika kwa waliohusika. Muda mfupi baada ya toleo la sita la Unix, lililotoka 1975, Dennis Ritchie akaongeza mkondo wa makosa.

Kwa hiyo kosa liliandikwa mahali palipokusudiwa kazi, na kazi ikaharibika. Miaka ishirini baadaye, kwenye wavuti, jambo hilohilo likarudi kwa sura nyingine.

Skripti ndogo kabisa ya Perl ya zama za CGI ina amri mbili tu za maana. Ya kwanza inaandika Content-Type: text/html na mstari mtupu. Ya pili inaandika ukurasa. Mstari ule mtupu ndio mpaka: juu yake ni maelezo ya seva, chini yake ni maneno ya msomaji. Sasa mwandishi mwenye haraka anaweka onyo lake kwa print ya kawaida kabla ya mpaka huo. Onyo linatangulia kwenye namba 1, seva inalisoma ikidhani ni sehemu ya maelezo, haielewi, inakata tamaa. Msomaji anapata ukurasa wa kosa namba 500. Katika logi ya Apache unabaki ujumbe ambao kila aliyefanya kazi hiyo aliukariri bila kupenda: malformed header from script. PHP ina ndugu wa kosa hilo, lile onyo kwamba vichwa vya jibu vimekwisha tumwa, na mara nyingi chanzo chake ni nafasi au mstari mtupu uliosahaulika baada ya alama ya kufungia ?> mwishoni mwa faili. Ndiyo maana mafundi wa PHP wameacha kabisa kuandika alama hiyo katika faili zenye msimbo mtupu, na kanuni ya uandishi ya PSR-12 inalitaka jambo hilo. Mtu asiyejua historia akitazama faili hizo atadhani zimeachwa njiani. Zimeachwa hivyo kwa makusudi, kulinda namba 1 dhidi ya herufi moja isiyoonekana.

Nyumba ya Kiswahili ya pwani ilijengwa na watu walioelewa jambo hili la kutenga njia mbili. Mgeni hupokelewa barazani. Jiko, moshi, maji ya kuoshea na mashauri ya wenyeji viko uani. Hakuna anayeuona uani kuwa mahali pa aibu. Ndipo nyumba inapoendeshwa, na mwenye nyumba anayeusahau hatakuwa na cha kupeleka barazani. Fundi mzuri wa seva anaipa namba 2 heshima ya namna hiyo. Haiogopi, haifichi, wala haimwagi mbele ya wageni.

Tazama kinachotokea ikimwagwa. Programu ya PHP inashindwa kuunganishwa na hifadhidata, na mpangilio wa seva unaruhusu makosa yaonekane kwenye ukurasa. Msomaji anaona njia kamili ya faili ndani ya seva, jina la mtumiaji wa hifadhidata, na wakati mwingine hata nywila, kwa sababu ilipitishwa kama hoja ya funksheni na orodha ya miito imeichapisha. Faili ya mipangilio ambayo PHP inaitoa kwa ajili ya kazi halisi, php.ini-production, inazima display_errors na kuwasha log_errors, na toleo la 8.2 liliongeza alama ya SensitiveParameter ili hoja za siri zisichapwe katika orodha hiyo. Kwa upande wa Perl, moduli ya CGI::Carp ya Lincoln Stein iliongeza saa na jina la skripti kwenye kila mstari wa makosa. Moduli hiyohiyo ilikuwa na kitasa cha fatalsToBrowser, kinachopeleka kosa la mwisho kwa msomaji. Wakati wa ujenzi ni msaada mkubwa. Siku ya kufungua milango, mwenye busara alikiondoa.

Ninachokistahi zaidi ni namna fundi anavyogawa tukio moja katika sentensi mbili. Kwenye namba 1 anaandika kwa adabu kwamba malipo hayajakamilika, pesa haijakatwa, na mteja akipiga simu ataje kumbukumbu fulani yenye herufi na tarakimu chache. Kwenye namba 2 anaandika kumbukumbu hiyohiyo, kisha anasema ukweli wote: ni ombi lipi, ni hatua ipi, ni huduma ipi iliyokataa kujibu na baada ya sekunde ngapi. Mteja anapopiga simu kutoka Mbeya, wa kwenye simu hahitaji kumhoji. Anatafuta ile kumbukumbu ndani ya logi na hadithi nzima inajitokeza. Hapa kwetu kuna jambo la ziada la kuangalia. Mteja anasema ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa ya ukutani, ikiandikwa kwa tarakimu, inasema 09:00. Seva iliyowekwa kwenye saa za UTC imeandika 06:00. Zote ni kweli. Fundi anayeandika +03:00 au Z mwishoni mwa saa kila mara amemwokolea mwenzake wa zamu ya usiku muda mwingi na mabishano mengi.

Sentensi ya makosa ina ufundi wake. Perl inalijua hili kuliko lugha nyingi. Amri za warn na die huandika kwenye namba 2 zenyewe, bila kuambiwa, na ujumbe wako usipoishia na alama ya mstari mpya, Perl inaongeza jina la faili na namba ya mstari ambako kosa limetokea. Ukiweka alama ya mstari mpya, inanyamaza, ikichukulia kwamba umekusudia kusema hayo tu. Herufi moja isiyoonekana inaamua kama mtu wa kesho atajua pa kuanzia. Wazoefu wanaitumia kwa makusudi: ujumbe kwa mtumiaji aliyekosea kuandika jina la faili unaishia na mstari mpya, ujumbe kuhusu hali ambayo haikutakiwa kutokea kamwe unaachwa wazi ili Perl ijaze.

Sasa tuingie ndani kidogo, kwenye bafa, maana ndipo wengi hupotelea. Maktaba ya kawaida ya C haipeleki kila herufi papo hapo. Namba 1 ikiwa imeelekezwa kwenye terminali, maandishi hupelekwa mstari kwa mstari. Ikielekezwa kwenye faili au bomba, hukusanywa mpaka bafa ijae, mara nyingi baiti 4,096 au 8,192, ndipo yaende yote kwa pamoja. Namba 2 haikusanywi. Neno likiandikwa, limekwenda. Matokeo yake ni kwamba programu ileile inayoonyesha mistari kwa mpangilio ulioutazamia kwenye terminali, ikiendeshwa chini ya seva na mikondo yote ikielekezwa kwenye faili moja, huonyesha makosa juu na matokeo chini, hata kama makosa yaliandikwa mwisho. Anayeanza huona ni uchawi. Aliyekomaa anajua namba 1 bado ilikuwa imeketi ndani ya bafa.

Tofauti hiyo ilipangwa kwa busara. Matokeo ni mengi na hayana haraka, basi yakusanywe, kwa sababu kila mwito kwa kiini cha mfumo una gharama. Makosa ni machache, na huenda programu ikafa baada ya neno lifuatalo. Mchakato ukiuawa kwa ishara ya ghafla, kilichokuwa ndani ya bafa kinapotea nao. Neno la mwisho la programu inayokufa halitakiwi kungoja wenzake. Perl ilimpa mwandishi kigezo cha $|, ambacho kikiwekwa 1 kinafanya namba 1 ipelekwe mara tu inapoandikwa. Katika skripti ya CGI yenye kazi ndefu, hiyo ndiyo iliyomfanya msomaji aone ukurasa ukikua mbele ya macho yake, mradi seva nayo isiukusanye. Python 3 kwa miaka mingi iliikusanya hata namba 2 kila ilipokuwa haielekei terminali, mpaka toleo la 3.9 la mwaka 2020 lilipoifanya iende mstari kwa mstari popote ielekeapo. Katika seva za leo utaona mipangilio mingi ikiweka PYTHONUNBUFFERED kuwa 1. Kila nionapo mstari huo najua kuna mtu aliyewahi kungoja logi ambayo haikuja.

Halafu kuna 2>&1, ambayo watu wengi huiandika kwa kukariri. Ukipata nafasi ya kumtazama fundi akiieleza kwa mwanafunzi, tulia umsikilize. Sheli husoma maelekezo kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika ripoti > matokeo.txt 2>&1, kwanza namba 1 inaelekezwa kwenye faili, kisha namba 2 inaambiwa ielekee kule namba 1 inakoelekea sasa hivi. Zote mbili zinaishia ndani ya faili. Ukigeuza mpangilio ukaandika ripoti 2>&1 > matokeo.txt, namba 2 inachukua mwelekeo wa namba 1 wakati bado ni terminali, na baada ya hapo ndipo namba 1 inahamia kwenye faili peke yake. Makosa yanabaki kwenye skrini. Namba 2 haikuunganishwa na namba 1. Ilipewa nakala ya mwelekeo wake wa wakati ule. Chini ya yote kuna mwito mmoja mdogo wa mfumo, dup2, unaofanya hivyo tu: namba hii na iwe nakala ya ile. Seva ya wavuti nayo hutumia mwito huo inapozaa skripti, kati ya kuzaliwa kwa mchakato mpya na kuanza kwa programu yenyewe. Skripti haijui lolote. Inaamka na kukuta namba 1 ni bomba la kuelekea kwa msomaji.

Kazi za usiku zinazoendeshwa na cron zinaonyesha vizuri nani anaelewa. Cron humtumia mwenye kazi barua pepe ikiwa kazi imeandika chochote kwenye mkondo wowote kati ya hiyo miwili. Wengi, kwa kuchoshwa na barua, huweka > /dev/null 2>&1 na kuzika kila kitu, pamoja na habari kwamba nakala ya akiba ya hifadhidata imeshindwa kuandikwa. Fundi anazima namba 1 peke yake na kuiacha namba 2 iseme. Usiku wa heri hakuna barua. Barua ikija, inafunguliwa.

Bomba lina kina chake, na hili lina hatari ambayo naipenda kwa jinsi ilivyo nadhifu. Kwenye Linux, tangu kiini toleo la 2.6.11, bomba la kawaida linabeba baiti 65,536. Chukua seva inayosoma namba 1 ya skripti mpaka mwisho kwanza, halafu ndipo isome namba 2. Skripti yenye maonyo mengi inajaza bomba la namba 2. Kiini kinaisimamisha mpaka nafasi ipatikane. Nayo seva imekaa inangoja namba 1 ifungwe. Hakuna aliyekosea amri, hakuna ujumbe wa kosa, na hakuna kinachosogea. Matoleo ya mwanzo ya Apache 2.0 yalikuwa na kasoro ya namna hii katika mod_cgi, na dawa yake ilikuwa kusikiliza mabomba yote mawili kwa wakati mmoja, kwa kukiuliza kiini ni lipi lenye kitu na kulisoma hilo. Nyaraka za Python zinaonya juu ya mtego huohuo katika moduli ya subprocess, na kuelekeza watu kwenye communicate, ambayo inasoma pande zote mbili kwa pamoja. Kwa majaribio ya skripti ndogo hutauona kamwe mtego huu. Unajitokeza siku ambayo mambo yameharibika kiasi cha kuzalisha maonyo mengi, yaani siku unayohitaji logi kuliko siku zote.

CGI ilikuwa na gharama: kila ombi lilizaa mchakato mpya. Mwaka 1996 kampuni ya Open Market ilileta FastCGI, ambamo programu inakaa hai na kuhudumia maombi mengi kupitia muunganisho mmoja, hata ikiwa iko kwenye mashine nyingine. Hapo namba za faili hazitoshi tena, kwa sababu waya ni mmoja. Walichofanya ni kuipeleka tofauti ileile ndani ya waya. Kila kipande cha data kinatanguliwa na kichwa cha baiti nane, na moja kati ya baiti hizo ni aina ya kipande: 5 ni data za kuingia, 6 ni matokeo, 7 ni makosa. Baiti nyingine mbili zinataja namba ya ombi, na kipande chenyewe hakizidi baiti 65,535. Nikisoma maelezo ya FastCGI nafurahishwa na uaminifu wake. Wangeweza kusema makosa yaandikwe mahali pengine, kila mtu ajitegemee. Badala yake waliihifadhi ile ahadi iliyotolewa Murray Hill, kwamba programu itakuwa na mahali pa kulalamika pasipochanganyika na kazi yake. Hadi leo ukifungua logi ya seva ya Nginx inayohudumia PHP utakuta maneno FastCGI sent in stderr, halafu lalamiko lenyewe. Ni kipande cha aina ya 7, kilichosafiri kwenye waya uleule na ukurasa wa mtu.

Wabunifu wa Python na Ruby walikwenda hatua nyingine. WSGI, iliyopendekezwa na Phillip J. Eby mwaka 2003, haitegemei namba 2 ya mchakato mzima. Kila ombi linakuja na wsgi.errors, mkondo wake wa makosa uliokabidhiwa mkononi, na Rack ya Ruby ina rack.errors kwa kazi hiyohiyo. Sababu ni nzito: ndani ya mchakato mmoja kunaweza kuwa na programu mbili za wateja wawili, na namba 2 ni moja tu. mod_wsgi ya Apache, katika matoleo ya awali, ilikuwa kali kiasi cha kuikatalia programu kuandika kwenye namba 1. Mwandishi akiweka print, anapata kosa papo hapo. Baadaye, katika toleo la 3.0, kizuizi hicho kiliondolewa kwa sababu watu walilalamika sana. Nawaelewa waliolalamika, lakini moyo wangu uko na ukali ule. Uliwafundisha watu kwamba print inakwenda mahali fulani, na ni wajibu wao kujua ni wapi.

Michakato mingi ikiandika katika bomba moja, maneno yao yanaweza kukatana katikati ya sentensi. Kanuni za POSIX zinaahidi kwamba andiko lisilozidi kipimo cha PIPE_BUF litapita zima bila kuingiliwa. Kipimo hicho hakiruhusiwi kuwa chini ya baiti 512, na kwenye Linux ni 4,096. Hivyo fundi huunda mstari mzima wa kosa kwanza, saa, kumbukumbu, ujumbe na alama ya mwisho, kisha anauandika kwa mwito mmoja. Asiyejua anauandika kwa vipande vitatu vinne, na siku ya msongamano logi yake haisomeki.

Kuna jambo jingine ambalo hata vitabu vizuri hulipita mbio. Unix humpa anayefungua faili namba ndogo kabisa isiyotumika. Seva ikizaliwa huku namba 2 imefungwa, faili ya kwanza au ya pili itakayofunguliwa baadaye inaweza kuwa namba 2. Ikiwa hiyo ni faili ya hifadhidata, onyo la kwanza la maktaba yoyote litaandikwa katikati ya data za watu. Ndiyo maana programu za seva zilizoandikwa kwa uangalifu haziifungi namba 2 kamwe na kuiacha tupu. Zinaielekeza kwenye /dev/null, ili nafasi iwe na mwenyewe.

Zama za kontena zimeturudisha karibu na mwanzo. Adam Wiggins wa Heroku, katika waraka wa 2011 kuhusu kanuni 12 za programu za wavuti, alisema programu isishughulike na faili za logi. Iandike matukio yake kwenye stdout, na mazingira yanayoiendesha ndiyo yayapeleke yanakotakiwa. Picha rasmi ya Nginx ya Docker inafanya hivyo kwa njia inayonifurahisha kila niionapo. Nginx imezoea kuandika kwenye faili, basi faili ya access.log imefanywa kiungo cha /dev/stdout, na error.log kiungo cha /dev/stderr. Mistari miwili ya kuunda viungo, na seva ya kizamani inazungumza kama ya kisasa bila kubadilishwa neno. Docker nayo, kontena lisipopewa terminali, hutanguliza kila kipande kwa kichwa cha baiti nane ambamo 1 ni matokeo na 2 ni makosa. Likipewa terminali, tofauti hiyo hupotea, mikondo yote miwili inakuwa mmoja.

Kipimo cha mwisho ninachotumia ninaposoma msimbo wa mtu ni namna anavyozaa mchakato wa pembeni ndani ya ombi la wavuti, tuseme wa kutuma risiti kwa barua pepe wakati msomaji amekwisha kujibiwa. Mchakato mpya unarithi kila kitu, hata bafa ya namba 1 ambayo haijapelekwa. Kama mzazi hakuimimina kabla ya kuzaa, maneno yale yanaweza kutoka mara mbili, kwa mzazi na kwa mtoto, na ukurasa unajirudia. Mtoto pia amerithi ncha ya bomba la kuelekea kwa msomaji. Seva inajua jibu limekwisha pale tu ncha zote za kuandikia zinapofungwa, kwa hiyo mtoto akiendelea kuishikilia, msomaji ataendelea kuona alama ya kupakia ikizunguka hadi risiti itumwe. Mjuzi anaimimina bafa, anazaa, kisha ndani ya mtoto anaielekeza namba 0 na namba 1 kwenye /dev/null. Namba 2 anaipa faili yake mwenyewe, iliyofunguliwa kwa kuongeza mwishoni, kwa sababu hata mtoto anayefanya kazi wakati mgeni amekwisha ondoka anaweza kuwa na la kusema.